Shajara ya mradi: joto linakwamia wapi kwenye kompyuta ya gemu

Hali ya mashine kabla ya kuanza

Prosesa ni Ryzen 7 5800X, kadi ya michoro ni GeForce RTX 3070. Kipoozeo ni cha hewa, mnara mmoja wenye feni ya milimita 120, na vyote vimo ndani ya kasha la ukubwa wa kati lenye kioo upande wa mbele. Gemu zote ninazozipenda zinakwenda vizuri. Kinachonikera ni feni zinazopanda na kushuka bila kutulia, na joto la prosesa linalogonga nyuzi 90 mara tu kazi nzito inapoanza.

Nyuzi 90 ndicho kikomo alichokiweka mtengenezaji kwa prosesa hii. Ikifika hapo haizimiki. Inajipunguzia volteji na mwendo mpaka joto litulie. Vikomo vinatofautiana: prosesa nyingi za Ryzen 7000 zimewekewa 95, Ryzen 7 7800X3D ina 89, na nyingi za Intel Core zinafika 100. Kwa hiyo kuona namba ya mwenzako na kuogopa yako hakusaidii kitu, kama prosesa zenyewe si za aina moja. Mradi huu haulengi kuiokoa prosesa isiungue, kwa sababu kinga hiyo imo ndani yake tangu kiwandani. Nataka ishikilie mwendo wake kwa saa nzima ya mchezo, na nataka kimya.

Ushauri unaotolewa haraka kuliko wote ni kununua kipoozeo kikubwa zaidi. Sitanunua kwanza. Joto lina safari yake: linatoka kwenye silikoni, linapita kwenye bamba la chuma lililoifunika, kwenye pesti (uji mzito unaojaza mwanya kati ya vyuma viwili), kwenye kitako cha kipoozeo, linapanda kwenye mirija hadi kwenye mapezi, linaingia kwenye hewa ya ndani ya kasha, ndipo linatoka nje. Njia ikibana mahali pamoja, kila kilicho nyuma ya hapo kinapanda joto. Kipoozeo kikubwa kinapanua sehemu moja tu ya safari hiyo, nami bado sijajua kama ndiyo inayobana.

Jumamosi: vipimo kwanza

Sijagusa hata skrubu moja. Nimewasha HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, irekodi kwenye faili, nikachagua vitu vitatu vya kufuatilia: joto la prosesa (HWiNFO inaliita Tctl/Tdie), wati zinazoingia kwenye prosesa nzima, na mwendo halisi wa viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu. Kipimajoto cha chumba nimekiweka karibu na mahali kasha linapovutia hewa. Hiki watu wengi hukisahau, kisha wanashangaa maboresho yao yamepotelea wapi siku jua lilipokuwa kali. Namba yenye maana ni tofauti kati ya joto la prosesa na joto la hewa inayoingia.

Majaribio ni ya aina mbili. Cinebench R23, programu ya kuipima prosesa na kuipa alama, kwa dakika kumi, ambayo inabana viini vyote vinane huku kadi ya michoro ikiwa imelala. Kisha gemu moja, eneo lilelile, kwa nusu saa, ambapo prosesa na kadi zinafanya kazi pamoja.

Chumba kilikuwa nyuzi 26. Kwenye Cinebench joto lilifika 90 haraka na kubaki hapohapo. Wati zilikuwa 128, ingawa kiwanda kinaruhusu hadi 142. Mwendo ulikuwa GHz 4.4 na alama 14,900. Kwenye gemu joto lilicheza karibu na 81, kwa wati 75 tu.

Hesabu ifuatayo ndiyo iliyonionyesha pa kuelekea. Kwenye Cinebench, wati 128 zilipandisha joto nyuzi 64 juu ya chumba, yaani kila wati nusu nyuzi. Kwa kiwango hicho, wati 75 za gemu zingetakiwa kupandisha nyuzi 37 au 38, tuishie kwenye 64 hivi. Mbona tuko 81? Kuna nyuzi kama 17 ambazo kipoozeo hakiwezi kulaumiwa kwazo. Zimetoka kwingine.

Jumapili: kufungua ubavu wa kasha

Kipimo hiki hakigharimu chochote na sioni sababu ya mtu kukiruka. Nimetoa mlango wa ubavuni, nikarudia majaribio yote mawili bila kubadili kingine.

Gemu ilishuka kutoka 81 hadi 71. Cinebench ilibaki 90 vilevile, na mtu angeweza kusema hewa haijasaidia hata kidogo. Lakini prosesa ikishagota kikomo, namba ya joto haisemi tena. Zinazosema ni wati na mwendo. Wati zilipanda kutoka 128 hadi 132, maana prosesa ilitumia ule unafuu mdogo kukimbia zaidi. Kwa hiyo hewa ilisaidia, kidogo.

Sasa picha imeanza kueleweka. Wakati wa gemu, RTX 3070 inatumia hadi wati 220, na karibu zote zinageuka kuwa joto linalomwagwa ndani ya kasha, chini kidogo ya kipoozeo cha prosesa. Prosesa inapewa hewa ambayo imeshapikwa. Wakati wa Cinebench kadi imetulia, hewa ni safi, na kizuizi kipo karibu na silikoni yenyewe. Namba hizi mbili kubwa zinafanana kwa macho tu. Kila moja ina chanzo chake, na dawa ya moja haiwezi kuponya nyingine.

Zile nyuzi saba zilizobaki baada ya kufungua mlango nazihusisha na namna gemu inavyotumia prosesa. Gemu haisambazi kazi sawasawa. Inabebesha viini vichache, na viini hivyo vinapaa hadi karibu GHz 4.7 kwa volteji ya juu. Wati ni chache lakini zimerundikana mahali padogo. Nitalirudia hili kwenye volteji.

Pesti

Prosesa za tundu la AM4 zina pini zake chini ya prosesa yenyewe, 1,331 kwa idadi, na tundu linazishika kwa nguvu ndogo tu. Pesti ikikauka, kipoozeo kinaweza kung'oka na prosesa imenatia kwenye kitako, pini zikapinda. Kwa hiyo niliiacha mashine ifanye kazi nzito kwa dakika chache ili pesti ilainike, nikaizima na kuchomoa waya, nikafungua skrubu, kisha nikakizungusha kipoozeo kushoto na kulia polepole bila kukivuta juu. Kwa muda hakikusogea. Halafu pesti ikaachia kwa sauti ndogo ya kunata, kikawa kinateleza, ndipo nikakinyanyua.

Nilitumia muda mrefu kutazama alama zilizobaki kwenye bamba, kwa sababu pesti ya zamani ni shahidi mzuri. Kwenye pembe tatu ilikuwa nene na bado laini. Lakini upande mmoja, nje kidogo ya katikati, kulikuwa na eneo dogo la mstatili ambapo pesti ilikuwa nyembamba sana, imekauka, na bamba lilionekana chini yake. Hapo ndipo kilipo kipande chenye viini. Kwenye 5800X viini vyote vinane vimo kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la milimita za mraba 80 hivi, na hakijakaa katikati ya bamba. Joto lilipokuwa likipanda na kushuka kila siku, chuma kilitanuka na kunywea, kikaisukuma pesti kutoka palepale ilipohitajika zaidi.

Eneo hilo dogo ndiyo siri ya sifa ya 5800X ya kuchemka. Ryzen 9 5950X ina viini kumi na sita na inaruhusiwa wati zilezile 142, lakini inazigawa kwenye vipande viwili, na ni rahisi zaidi kuipoza. Hii yetu inalazimisha karibu zote zipite mahali pamoja, kama pipa zima la maji linalopitishwa kwenye shingo ya chupa. Ukiweka beseni kubwa chini, shingo haipanuki. Ndiyo maana siamini kwamba kipoozeo kikubwa kingebadilisha sana namba ya Cinebench.

Nimesafisha bamba na kitako kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka tone katikati na vitone vinne kwenye pembe, kisha nikakaza skrubu kwa zamu, mzunguko mmoja huku na mmoja kule, ili kitako kikalie sawa. Kazi ya pesti ni kufukuza hewa kwenye mikwaruzo midogo ya chuma. Hewa inapitisha joto kwa kiwango cha wati 0.026 tu kwa mita kwa kila nyuzi, pesti nzuri ni wati kadhaa, na shaba inakaribia 400. Pesti ni bora mara mamia kuliko hewa lakini ni dhaifu mno mbele ya shaba, kwa hiyo inatakiwa nyembamba. Metali ya maji sikuifikiria kwa muda mrefu: ina galiamu, ambayo inakula alumini na kupitisha umeme, na sitaki tone lake lizurure juu ya mazabodi.

Matokeo: Cinebench bado 90, lakini kwa wati 135. Gemu, mlango ukiwa umefungwa, 78.

Hewa ya kasha

Kioo cha mbele kinaacha mwanya mwembamba pembeni, na feni tatu za kuvuta hewa zinapumulia hapo hapo. Nilikitoa nikapima: gemu ilishuka nyuzi sita mara moja. Nimeweka mahali pake bati la matundu linaloingia kwenye kasha hilihili, na kichujio cha vumbi kimebaki nyuma yake.

Juu ya kasha kulikuwa na feni mbili za kutoa hewa. Ile ya mbele nimeiondoa. Ilikuwa inaichukua hewa safi iliyotoka tu kuingia na kuitupa nje kabla haijakifikia kipoozeo. Iliyobaki juu nyuma, pamoja na ile ya mgongoni, zinatosha. Sasa feni zinazoingiza ni tatu na zinazotoa ni mbili, hivyo ndani kuna msukumo kidogo kuelekea nje, na vumbi linapitia kwenye kichujio badala ya kujipenyeza kwenye kila tundu.

Kisha nikamgeukia mkosaji mkubwa. Kwa programu ya MSI Afterburner nimeishusha volteji ya kadi ya michoro: MHz 1,875 kwa volti 0.9. Matumizi yake kwenye gemu hii yameshuka hadi karibu wati 175, na fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) hazijapungua kwa kiasi ninachoweza kukiona. Wati 45 zimeondoka kwenye hewa inayoiendea prosesa, na prosesa yenyewe sijaigusa. Gemu sasa ni 69. Cinebench ni 90 kwa wati 138.

Kama ningelazimika kufanya jambo moja tu katika mradi wote, ningefanya hili la kadi.

Volteji ya prosesa

Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na kwa furaha. Nguvu inayotumika kwenye silikoni inafuata mwendo mara volteji, na volteji inazidishwa kwa yenyewe. Ukipunguza mwendo kwa asilimia tano unapata takriban asilimia tano. Ukipunguza volteji kwa asilimia tano unapata karibu kumi. Kwa hiyo nataka mwendo uleule kwa volteji ndogo zaidi.

Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ndani ya Precision Boost Overdrive, kuna Curve Optimizer. Volteji ya kila kiini inaweza kuteremshwa hadi hatua 30, na kila hatua ni kama milivolti 3 hadi 5. Nilianza na -15 kwa viini vyote, mashine ikatulia. Nikaenda -25.

Cinebench ilipita bila shida. Prime95, jaribio jingine la mzigo mzito, ikapita. Halafu mashine ikajiwasha upya yenyewe wakati nasoma ukurasa tu, hakuna kazi yoyote nzito. Tabia hii inawachanganya wengi, lakini ina mantiki. Viini vyote vikibanwa, mwendo unashuka na volteji iliyopo inatosha. Kiini kimoja kikiamshwa peke yake kwa kazi ndogo, kinaruka hadi kilele cha mwendo, na hapo ndipo volteji iliyopunguzwa inapelea. Kupima kwa mzigo mzito pekee hakuthibitishi lolote.

Kitazamio cha matukio cha Windows kilikuwa na kosa la WHEA-Logger, yaani ripoti ya hitilafu ya kifaa, lenye namba ya APIC 6. Kila kiini kina nyuzi mbili za kazi, kwa hiyo namba 0 na 1 ni kiini cha sifuri, 2 na 3 ni cha kwanza, na 6 inaangukia kiini cha tatu kwa kuhesabu kuanzia sifuri. Nikatazama HWiNFO: ni kimojawapo cha viini viwili ambavyo prosesa yenyewe imeviorodhesha kuwa bora. Viini bora vimeshapewa volteji ya chini kiasi tangu kiwandani, havina mafuta mengi ya kupunguza. Nimevipa hivyo viwili -10, vingine vimebaki -25, na programu ya CoreCycler imevipima kimoja kimoja usiku kucha bila kosa.

Lakini joto la Cinebench lilibaki kwenye 90! Kilichopanda ni mwendo, hadi GHz 4.55, na alama 15,400. Prosesa hii haitunzi akiba: unafuu wowote unaoipa, inaugeuza kuwa kasi mpaka igote kikomo kingine. Ukitaka ubaridi inabidi uuombe waziwazi, yaani ushushe kikomo cha wati.

Nimeshusha PPT, ndicho kikomo hicho cha wati, kutoka 142 hadi 110. Cinebench: nyuzi 77, GHz 4.4, alama 14,900. Ni mwendo uleule na alama zilezile za vipimo vya mwanzo, nyuzi 13 chini. Nimejaribu pia 88, kiwango kinachotumiwa na Eco Mode (hali ya kubana matumizi ya umeme) ya wati 65: nyuzi 67, alama 13,900. Kwenye gemu sikuona tofauti kati ya 88 na 110, kwa kuwa gemu haifiki hata 88. Nimechagua 110 kwa sababu mara kwa mara natengeneza video na asilimia hizo saba nazihitaji.

Kelele

Joto la prosesa za namna hii linaruka nyuzi kumi na zaidi kwa kufungua tu programu, kisha linarudi. Silikoni ni ndogo mno, inapata moto na kupoa papo hapo, wakati kipoozeo chenyewe hakijahisi kitu. Feni zikifuata kila mruko zinapiga kelele bila faida yoyote.

Nimeiweka feni ya kipoozeo isubiri sekunde kadhaa kabla ya kupanda, na zaidi kabla ya kushuka. Chini ya nyuzi 65 haibadiliki kabisa. Feni za kasha nimeziondoa kwenye joto la prosesa na kuzifunga kwenye joto la kadi ya michoro, kwa programu ya FanControl, kwa kuwa kadi ndiyo inayochafua hewa ya ndani na joto lake linapanda taratibu. Mabadiliko haya hayakushusha hata nyuzi moja, lakini ndiyo ninayoyafurahia zaidi kila ninapokaa mezani. Mashine sasa ina sauti moja tu ya chini, isiyobadilika.

Nimeweka pia kikomo cha fremu 140. Skrini yangu inaonyesha 144 kwa sekunde, na kwenye vyumba vidogo vya gemu mashine ilikuwa inachora zaidi ya 190, zote za ziada zikiishia kuwa joto.

Ilivyo sasa

Gemu ileile, eneo lilelile, chumba nyuzi 26, mlango umefungwa: prosesa iko kati ya 62 na 65, wati 60 hivi. Kipoozeo ni kilekile cha mwanzo.

Namba zote za Curve Optimizer, PPT na feni nimezihifadhi kama profaili kwenye BIOS, na pia nimeziandika kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kasha, kwa sababu kusasisha BIOS mara nyingi hufuta mipangilio pamoja na profaili. Pesti nitaifuatilia kwa Cinebench kwenye wati 110: tofauti na chumba sasa ni nyuzi 51. Siku itakapopita 56 kwa wati hizohizo, vumbi likiwa limesafishwa, nitafungua tena.